Sura ya Tano: Kufikiri kwa Sauti

Kwa Watanzania wengi neno usaili lina picha moja. Umeomba kazi serikalini, jina lako limetoka kwenye tangazo la kuitwa, unaamka saa kumi alfajiri na bahasha ya vyeti halisi mkononi. Unaanza na mchujo, ambao ni mtihani wa kuandika. Ukipita, unakwenda kwenye usaili wa vitendo kama kada yako inautaka, halafu mahojiano ya ana kwa ana mbele ya jopo. Mama yangu alifundisha shule ya msingi miaka thelathini na moja, na mpangilio huo anaujua kwa moyo. Nilipomwambia nimeitwa kwenye usaili wa kampuni ya Ulaya, akauliza jambo moja tu: "Vyeti umeshavipeleka kwa wakili vikagongwe muhuri?"

Vyeti hakuna aliyeviulizia. Wiki saba, hatua sita, watu kadhaa tofauti kwenye kioo cha kompyuta yangu, na hakuna hata mmoja aliyetaka kujua nilisoma chuo gani. Walichotaka ni kuniangalia nikifikiri. Nimeamua kuandika sura nzima juu ya jambo hilo kwa sababu vijana wanaoniandikia kuuliza habari za kazi za programu wanadhani kinachowakwamisha ni ujuzi. Wengi wao ujuzi wanao. Hawajafundishwa kufikiri huku wanatazamwa, na katika shule nilizosoma mimi hakuna aliyenifundisha.

Wakati ule nilikuwa na miaka mitano kazini. Tulikuwa wahandisi watatu tunaotunza mfumo wa kukatia tiketi za mabasi ya mikoani, tangu mabasi yakiwa Ubungo hadi yalipohamia kituo cha Magufuli pale Mbezi Luis mwaka 2021. Nilijua kinachotokea mawakala wawili, mmoja Mbezi na mwingine Morogoro, wanapobonyeza kiti namba 14 cha basi moja katika sekunde ileile. Nimepigiwa simu usiku wa manane mwezi Desemba, abiria wa Moshi wamejaa stendi na mizigo yao, mfumo umeganda, meneja anapiga kelele. Kazi nilikuwa naijua.

Hatua ya kwanza ilikuwa simu ya nusu saa na dada wa idara ya rasilimali watu. Alinieleza hatua zote zilizobaki na muda wa kila moja, akauliza mshahara ninaoutaka, tukaagana. Kumweleza msailiwa njia yote mapema ni heshima kubwa, na dada yule alinipa heshima hiyo.

Ya pili ilikuwa mtihani wa mtandaoni: maswali matatu, dakika 90, kamera ikiwa wazi, mashine ndiyo inayosahihisha. Swali la kwanza lilikuwa la aina ambayo kila anayejiandaa hukutana nayo. Umepewa orodha ya namba, tafuta mbili ambazo zikijumlishwa zinafika kiasi fulani. Njia inayokuja kichwani haraka ni kuchukua kila namba na kuijaribu na kila nyingine. Orodha ikiwa na namba 10,000, hizo ni jozi karibu milioni 50. Njia bora ni kuipitia orodha mara moja tu. Kila namba unayoikuta unauliza kwanza kama mwenzake ameshapita, kisha unaiandika pembeni kwenye jedwali. Mwenye duka anayelijua daftari lake la madeni hafukui risiti zote kumtafuta mdaiwa mmoja. Anafungua ukurasa wenye jina lake. Kazi ya milioni 50 inakuwa kazi ya 10,000, na kwa mfumo unaohudumia watu wengi kwa wakati mmoja hiyo ndiyo tofauti kati ya jibu la papo hapo na ukurasa unaozunguka bila kufunguka.

Nililipata swali hilo kwa sababu nilikuwa nimejiandaa, na nilijiandaa kwa sababu ya kaka mmoja aliyenitangulia chuo miaka mitatu na sasa anafanya kazi Nairobi. Nilipompigia simu kumwambia habari njema, hakunipongeza.

"Mdogo wangu, una muda gani?"

"Wiki chache kabla ya mtihani, kaka."

"Basi weka pembeni kila unachojua kuhusu mabasi. Hawa hawatakupa kazi yako wakuangalie. Watakupa chemshabongo na saa. Usaili ni fani yake, ujifunze kama fani."

Akanitumia kitabu cha Gayle Laakmann McDowell, *Cracking the Coding Interview*. Mwandishi wake aliwahi kuwa mhandisi Google, na toleo la sita, la mwaka 2015, lina maswali 189. Nilikuwa nafanya maswali mawili kila usiku baada ya kutoka kazini. Kila Jumapili kaka yule alinipigia, akanipa swali moja, akanyamaza. Kila nilipokaa kimya kwa zaidi ya nusu dakika alisema neno lile lile: "Sikusikii."

Neno hilo ndilo lililonitayarisha kwa hatua ya tatu, ingawa halikunitayarisha vya kutosha.

Hatua ya tatu ni ile ambayo mhandisi wa kampuni anakaa upande wa pili wa kioo, mnafungua ukurasa mmoja mnaouona wote, naye anakuangalia ukiandika msimbo herufi kwa herufi. Masharti ni kwamba useme kila unachofikiria, kwa Kiingereza. Sasa mimi, kama Watanzania wengi waliosoma shule za serikali, nilifundishwa hesabu za darasa la kwanza hadi la saba kwa Kiswahili, Kiingereza kikaja sekondari. Hadi leo nahesabu kwa Kiswahili. Tena nyumbani kwetu tulilelewa kwamba mtu hufikiri kwanza, kisha husema. Mtoto aliyeropoka nusu ya wazo mbele ya wakubwa alionekana hana adabu. Hapa natakiwa kuropoka nusu ya wazo kwa makusudi, kwa lugha ya tatu niliyojifunza, mbele ya mgeni anayeandika alama.

Swali lenyewe lilikuwa rahisi kwa kulisikia. Una orodha ya namba iliyopangwa kuanzia ndogo hadi kubwa; tafuta namba fulani iko wapi. Hufanyi lolote usilolifanya ukitafuta neno kwenye Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Hufungui kuanzia A. Unafungua katikati, unaona kama neno lako liko mbele au nyuma, unatupa nusu isiyokuhusu, unafungua katikati ya nusu iliyobaki. Kwa orodha ya vitu milioni moja unafika kwa hatua zisizozidi 20. Kwa vitu bilioni moja, 30.

Nilianza vizuri. Nikaweka mpaka wa chini, mpaka wa juu, nikatafuta kati. Dakika ya kumi na tisa umeme ukakatika. Feni ikazunguka pole pole hadi ikasimama, taa ya ruta ikazima, uso wa msaili ukaganda mdomo wazi. Niliwasha intaneti ya simu, nikanunua bando kwa mikono inayotetemeka, nikarudi baada ya dakika nne. Msaili alikuwa mpole, akaniambia nisiwe na haraka. Lakini uzi ulikuwa umekatika. Nilipoendesha programu yangu, ilizunguka bila kukoma.

"Una uhakika na mstari wa saba?" akauliza.

Niliutazama mstari wa saba kama mtu anayetazama maandishi ya Kichina. Nilijua kosa liko pale. Kinywa kilikuwa kinasema maneno ya Kiingereza yenye sarufi safi yasiyokuwa na maana yoyote. Muda ukaisha, tukaagana. Nikaenda jikoni kunywa maji, na kabla sijaweka glasi mezani nikaliona. Kila nilipotupa nusu ya chini nilisogeza mpaka wa chini hadi kati, wakati nilipaswa kuusogeza hadi kati na kuongeza moja. Vikibaki vitu viwili tu, kati na chini vinakuwa mahali pamoja, na programu inarudia hatua ileile milele. Herufi mbili: alama ya kujumlisha na moja.

Nilirudi kwenye kompyuta nikamwandikia yule dada wa rasilimali watu barua pepe ya mistari minne: kosa lilikuwa hili, sahihisho ni hili, naomba limfikie msaili. Siku mbili baadaye nikaitwa hatua ya nne. Tangu hapo kila ninayemshauri namwambia afanye hivyo. Ukiliona jibu baada ya muda kuisha, liandike ulitume siku hiyohiyo.

Miezi kadhaa baadaye nilijua kwamba nilianguka mahali walipoanguka wakubwa. Jon Bentley, katika kitabu chake *Programming Pearls* cha mwaka 1986, anasimulia alivyowapa waandishi wa programu waliobobea kazi hiyohiyo ya kutafuta kwa kugawa nusu, na saa kadhaa za kuifanya bila haraka. Takriban asilimia 90 yao waligundua programu zao zina makosa. Njia hiyo ilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1946, lakini programu yake ya kwanza isiyo na kosa, kwa maelezo ya Bentley, haikuonekana hadi 1962. Hayakuishia hapo. Mwaka 2006 Joshua Bloch, aliyeandika programu hiyo ndani ya lugha ya Java, alitangaza kwamba yake pia ilikuwa na kosa, na kosa hilo lilikaa humo kwa miaka tisa hivi likitumiwa na dunia nzima. Alichukua chini akajumlisha na juu, akagawa kwa mbili. Orodha ikiwa kubwa mno, jumla hiyo inavuka 2,147,483,647, namba kubwa kuliko zote ambazo nafasi ile ya kompyuta inaweza kubeba, nayo inageuka kuwa hasi. Programu aliyoithibitisha Bentley kwenye kitabu ilikuwa na kosa lilelile.

Watu hao walikuwa na utulivu, muda na umeme. Mimi nilipewa dakika 45.

Kuna utafiti mmoja ambao nilipousoma nililia, na sioni aibu kusema. Ulifanywa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina wakishirikiana na Microsoft, ukachapishwa mwaka 2020. Waliwachukua wanafunzi 48 wa sayansi ya kompyuta, wakawapa tatizo la kuandika ubaoni. Nusu yao walisimama mbele ya msaili wakieleza wanachofikiria, kama usaili wa kawaida. Nusu ya pili waliachwa na ubao wao chumbani peke yao. Waliotazamwa walifanya vibaya kwa zaidi ya nusu wakilinganishwa na walioachwa peke yao. Na wanawake wote waliosailiwa kwa kutazamwa walishindwa. Wanawake wote walioachwa peke yao walifaulu. Watafiti wenyewe walionya kwamba kundi lilikuwa dogo mno kuamua jambo kubwa kuhusu jinsia, na onyo hilo nalikubali. Hata hivyo, mimi ni mwanamke kama wale. Nilijikumbuka pale jikoni na glasi ya maji, jibu limekuja mara tu macho ya mtu yaliponiondoka. Miaka yote nilikuwa nimejiambia kwamba labda si mwerevu kama ninavyodhani.

Sisemi usaili wa namna hii hauna maana. Mhandisi asiyeweza kueleza wazo lake ni mzigo kwa wenzake. Usiku ule wa Desemba nilihitaji mtu wa kuniambia anachokiona, si bubu. Lakini kueleza wazo kwa wenzako unaowazoea ni jambo moja, na kulieleza likiwa bado halijazaliwa, mbele ya mgeni mwenye saa, ni jambo jingine kabisa. Kampuni inayopima la pili ikidhani imepima la kwanza inafukuza watu wazuri.

Hatua ya nne ilikuwa kazi ya nyumbani. Walisema itachukua saa nne, ikanichukua usiku tatu, bila malipo. Naona si haki kumwomba mtu mwenye kazi na familia usiku tatu bure, na sina zaidi la kusema juu yake.

Ya tano ndiyo niliyoipenda. Wahandisi wawili waliniambia: tusanifu pamoja mfumo wa kuuza tiketi za ukumbi wa tamasha wenye viti 20,000, ambapo watu laki mbili wanaingia mara tu mauzo yakifunguliwa. Niliposikia neno kiti moyo ulitulia. Nikawaeleza habari ya kiti namba 14.

Ukiachia mfumo uangalie kwanza kama kiti kiko wazi, kisha ukiuze, kati ya kuangalia na kuuza kuna upenyo, na wakala wa pili anapita kwenye upenyo huo. Abiria wawili wanapanda na tiketi mbili za kiti kimoja, na kondakta ndiye anayetukanwa. Dawa yake ni kukishikilia kiti kwanza: kanzidata inakifunga kwa mteja mmoja kwa dakika kadhaa, wengine wanaona kimechukuliwa, malipo yakikamilika kinauzwa, yasipokamilika kinajiachia chenyewe. Hapo wakauliza, na malipo je? Nikawaambia kwamba kwetu abiria hulipa kwa simu, na ujumbe wa kuthibitisha malipo kutoka kwa mtandao wa simu huweza kuchelewa, au kufika mara mbili. Usipojilinda, utatoa tiketi mbili kwa malipo ya mtu mmoja. Kwa hiyo kila muamala unapewa namba yake ya pekee tangu mwanzo, na ujumbe wenye namba iliyokwisha kushughulikiwa unapokelewa, unajibiwa kwamba umefika, halafu hakuna kinachofanyika tena. Na ujumbe ukichelewa hadi kiti kimeshajiachia na mwingine amekichukua? Mfumo unamrudishia pesa wenyewe, usimsubirishe abiria hadi aende ofisini kugombana.

Mmoja wao aliacha kuandika, akauliza: "Haya mmeyafanya kweli?" Tukaendelea kwa dakika ishirini zaidi ya muda. Nilikuwa nafikiri kwa sauti, kwa Kiingereza, bila shida yoyote, kwa sababu kila nilichokisema nilikuwa nimekiona kwa macho yangu pale stendi.

Ya sita ilikuwa na meneja, maswali ya tabia na uzoefu. Nieleze siku uliyokosea, nieleze ulivyogombana na mwenzako. Nilijibu kwa "tulirekebisha", "tuliamua", "tulikesha". Akanikatiza kwa upole: "Na wewe binafsi ulifanya nini?" Mara tatu. Mimi sikuwa najificha. Kwetu mtu anayesema "mimi nilifanya" mbele ya watu anaonekana anajisifu, na wenzangu wawili walikuwa wamekesha pamoja nami. Msomaji unayejiandaa, jizoeze kutaja sehemu yako waziwazi. Si majivuno. Msaili hana njia nyingine ya kuijua.

Kisha kimya. Wiki ya kwanza mama aliuliza kila jioni: "Hao watu wamesemaje, mwanangu?" Wiki ya pili akaacha kuuliza, na hilo liliniuma zaidi. Siku ya kumi na tisa ilikuja barua pepe ya sentensi mbili. Wameamua kuendelea na waombaji wengine. Wananitakia kila la heri. Niliandika kuomba sababu, sikujibiwa. Hadi leo sijui nilikosa wapi, na kwa hiyo kati ya watu wote walionisaili sikuchota funzo hata moja kutoka kwao. Nililochota ni langu mwenyewe.

Wanaoamini kwamba hatua nyingi ndio umakini wasikilize waliojaribu. Laszlo Bock, aliyeongoza idara ya wafanyakazi Google, aliliambia gazeti la New York Times mwaka 2013 kwamba vitendawili walivyokuwa wakiwapa wasailiwa vilikuwa ni kupoteza muda. Katika kitabu chake *Work Rules!* cha mwaka 2015 anaeleza kwamba walipochambua takwimu zao waliona mahojiano manne yanatosha kuamua kwa uhakika wa asilimia 86. Kila linaloongezwa baada ya hapo huongeza kidogo sana. Na wataalamu wa saikolojia ya kazi wana jibu la siku nyingi kuhusu kipi cha kuuliza. Mwaka 1998 Frank Schmidt na John Hunter walipitia tafiti za miaka 85. Kumpa mtu kipande cha kazi yenyewe, na usaili wenye utaratibu, yaani maswali yaleyale kwa kila mtu na mwongozo mmoja wa alama, vilikuwa miongoni mwa vipimo bora. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake walirudia hesabu hizo na kushusha makadirio mengi, lakini usaili wenye utaratibu ulibaki juu ya orodha.

Miezi minne baadaye nilipata kazi kwingine, kwa hatua tatu. Sasa nami nasaili. Msailiwa wangu namsomea swali, tunalijadili hadi alielewe, kisha nazima kamera na kipaza sauti kwa dakika 20 naye azime vyake. Tukirudi ananieleza alichofanya, kwa Kiswahili au Kiingereza, apendavyo. Umeme ukikatika, muda unasimama. Maswali ni yaleyale kwa wote, nayo yametoka kwenye kazi tunayoifanya. Binti mmoja aliyekuwa hasemi neno dakika tano za mwanzo alirudi na suluhisho zuri kuliko langu. Leo anakaa meza ya pili kutoka kwangu.

Na kila asiyepata kazi namwandikia ndani ya siku tano: hukupata, hiki ulikifanya vizuri, hiki kilipungua. Sentensi tatu, dakika kumi za muda wangu. Kama nawe unakaa upande wa kuuliza, nakuomba ufanye hivyo. Msailiwa wako wa mwezi uliopita bado anafungua barua pepe kila asubuhi kabla ya chai, na nyumbani kwake kuna mtu anayemwuliza wamesemaje. Mjibu leo.